Upatu wa wanga

Sinia liliwekwa mbele yetu, wanawake watano juu ya mkeka, chumba cha uani cha nyumba ya harusi, Jang'ombe. Biriani. Wali mweupe na wa manjano, vitunguu vya kukaanga vimemwagwa juu, masala yanachuruzika pembeni. Nikanawa, nikapiga bismillahi, nikachomoa paja la kuku na kulila taratibu bila ya kugusa punje ya wali. Bibi mmoja aliyekaa kunielekea akaliacha tonge lake hewani.

"Mwanangu, waumwa?"

"Hapana bibi. Siku hizi nimeacha wali."

"Umeacha wali," akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa jirani yake kaacha kusali. Kisha akafanya ambalo bibi yeyote mwema wa Unguja angelifanya. Kwa ncha za vidole akausogeza wali wa upande wake, ule uliolowa masala, mpaka ukafika mbele yangu. "Kula, mama. Mwili unataka nguvu."

Nikala. Nilikula mpaka maua yaliyochorwa chini ya sinia yakaonekana.

Hiyo ilikuwa siku ya kumi na moja ya jaribio langu la kwanza la kukata wanga. Jaribio la pili lilidumu siku nne. La tatu sina hakika kama lilifika Magharibi.

Wakati huo nilikuwa na kilo 94 na ninakaa ghorofa ya tatu, Michenzani, kwenye yale majumba marefu yasiyo na lifti. Nikitoka skuli na mkoba wa madaftari napumzika mara mbili njiani, na mara ya pili najifanya natafuta ufunguo ili watoto wa jirani wasinione ninavyohema. Mama yangu alikuwa na sukari, na alikatwa kidole cha mguu kabla hajafariki. Kwa hiyo nilipopimwa asubuhi kabla ya kutia kitu mdomoni, mashine ikasoma 6.8, sikuhitaji kuelezwa sana. Tabibu alinieleza hata hivyo: ikifika 7, na ikapimwa tena ikawa hivyo hivyo, basi hayo ni maradhi ya sukari kamili. Akanishauri nipunguze mwili na nipunguze wanga. Alisema kwa wepesi, kama mtu anayekwambia ufunge dirisha.

Hebu nieleze wanga ni nini kwetu. Asubuhi boflo au vitumbua na chai ya sukari. Mchana wali na mchuzi. Usiku chapati, au mkate wa ajemi, au muhogo wa nazi. Katikati hapo mtu kapita na kashata, mtu kaleta visheti, na jioni umepitia urojo. Niliwahi kumwambia muuza urojo anitilie bila ya kachori, bila ya bajia, bila ya viazi na bila ya chipsi za muhogo. Akanitazama akasema, "Dada, hapo nikuuzie bakuli." Na hata ule mchuzi wenyewe umepikwa kwa unga.

Wengi huanza kwa kuhamia kwenye muhogo, wakidhani wamepunguza. Nami nilifanya hivyo. Baadaye nikajua kwamba gramu 100 za muhogo zina wanga takriban gramu 38, na gramu 100 za wali uliokwishapikwa zina takriban 28. Nilikuwa natoka kwenye shimo naingia kisimani.

Lakini tabu yangu kubwa haikuwa kukijua chakula. Yale ya hesabu nilikuwa nayaweza, mie mwalimu. Tabu ni kwamba hapa kwetu wanga huliwa na watu. Ukiukataa wali wa sinia umekataa mikono minne iliyomo humo. Ukikataa sahani ya jirani, mlango wa pili wanaanza kuuliza kuna nini baina yenu. Mtu anayekula peke yake sahani yake anaweza kukata anachotaka na hakuna atakayejua. Mie kila nikikata, kuna mtu anayeumia, na mara nyingi ni mtu ninayempenda.

Tulikuwa na upatu wetu wa miaka, wanawake tisa, shilingi elfu kumi kila wiki. Wengine ni walimu wenzangu, mmoja nesi mstaafu, mmoja anauza nguo, mmoja ana kioski cha vitafunio, na kijumbe wetu ni bi mkubwa wa miaka sitini na kitu, mwenye daftari la jalada jeusi ambalo halijawahi kupotea wala kukosewa hesabu. Jumamosi moja baada ya laasiri, kwenye kupokezana pesa, zikaletwa sambusa. Nikasema sili. Nesi naye akasema hali. Mwenye kioski akacheka, akasema yeye anazikaanga mia kila siku na ana presha. Ikawa kila mtu anatoa lake: huyu sukari, huyu magoti, huyu daktari kamtisha. Tukagundua sita kati yetu tumeambiwa jambo moja, kila mmoja na tabibu wake, na kila mmoja amejaribu kimyakimya na kushindwa kimyakimya.

Kijumbe akafungua daftari ukurasa wa nyuma. "Pesa zenu nazikusanya," alisema, "na wanga wenu nitaukusanya."

Ndivyo ulivyoanza. Utaratibu wenyewe ulikuwa wa upatu mtupu. Kila Jumamosi tunakutana kwa mwenye zamu, na mwenye zamu anapika chakula kisichokuwa na wanga, cha kututosha sote. Mizani inawekwa chumbani, unaingia peke yako na kijumbe, anaandika, unatoka. Kilo za mtu hazitajwi ukumbini. Hili alilishikilia yeye, na mwanzo nililiona ni jambo dogo.

Mwezi wa kwanza ulikuwa karamu. Pweza wa nazi bila ya wali. Samaki wa kupaka. Kisamvu kilichopikwa kwa tui la kwanza mpaka mafuta yakapanda juu. Mayai, mchicha, bamia, biringani za kuchoma. Mmoja wetu alileta ng'onda aliyechomwa na kachumbari ya ndimu, tukala kama tunasherehekea jambo. Wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu, na nikaanza kujiona bingwa.

Nesi ndiye aliyetushusha. Alitueleza kwamba mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, na kila gramu ya akiba hiyo inashikilia maji kama gramu tatu. Ukiacha wanga, akiba inatumika, maji yanatoka. "Mnachofurahia ni mkojo," alisema. Maji hayo huondoka na chumvi, ndiyo maana siku za mwanzo kichwa kinauma na miguu inalegea. Dawa yake ilikuwa supu ya samaki yenye chumvi yake, si panadoli. Isipokuwa kwa mwenye presha; huyo alimwambia asiongeze chumvi kabla ya kuzungumza na tabibu.

Ilikuwa bora tungemsikiliza nesi kwa jingine pia. Alisema tangu mwanzo kwamba mwenye kumeza dawa za sukari aende spitali kwanza kabla ya kukata wanga. Mwenzetu anayeuza nguo alisema ndiyo, ndiyo, hakwenda. Alikuwa akimeza glibenklamidi. Dawa hiyo hulilazimisha kongosho kutoa insulini, wanga uwepo tumboni usiwepo. Siku ya sita, saa nne ya asubuhi, bintiye alimkuta dukani katota jasho, mikono inatetemeka, anamjibu mteja maneno yasiyoeleweka. Mashine ilisoma 3.1. Mtoto alikuwa na akili, akamkorogea maji ya sukari akamnywesha. Spitali wakampunguzia dawa, na baada ya miezi wakamwondolea kabisa. Jumamosi iliyofuata kijumbe aliandika kwa wino mwekundu kwamba mwenye dawa haanzi mpaka alete jibu la tabibu wake. Naliandika hili kwa urefu kwa sababu kila nikisimulia habari za upatu wetu, msikilizaji anauliza mapishi, na hili analiruka.

Pesa nazo. Wali ni rahisi. Ndiyo sababu tunaula. Ukitaka kushiba samaki na mayai kila siku, mshahara wa mwalimu unalia. Tukawa tunakwenda diko la Malindi alfajiri, watatu kwa zamu, na mchango wa wote. Pale samaki wanapigwa mnada: dalali anasimama juu ya fungu, bei inapanda kwa sauti na ishara, na wewe ukikuna pua vibaya umenunua. Siku ya kwanza tulinunua jodari mmoja mkubwa kuliko mtoto wa chuo cha Kurani. Tukambeba watu wawili, mmoja kichwani mmoja mkiani, hadi kwenye meza za wapaa samaki, akakatwa vipande, tukavigawa kwenye mifuko tisa, na kichwa akapewa mwenye zamu kwa supu. Ukigawa bei kwa tisa, jodari ni rahisi kuliko nyama. Kaskazi ikivuma mambo huwa mazuri. Kusi likishika, bahari inachafuka, vyombo haviondoki, na hata dagaa wanapanda bei. Miezi hiyo tunaishi kwa mayai na mboga za majani, na manung'uniko yanakuwa mengi.

Wiki ya tano mizani ilisimama. Kwangu ilisimama kwa sababu nilikuwa nakula maandazi.

Skuli, saa ya mapumziko, mama wa maandazi anakuja na ndoo yake iliyofunikwa kitambaa. Nilianza na nusu. Kisha moja. Kisha mawili kila siku, nimesimama nyuma ya mlango wa stoo ya vitabu, natafuna kwa haraka na kujipangusa mafuta kwa karatasi ya mtihani. Mwanamke wa miaka arobaini na sita. Jumamosi kijumbe akiniuliza, nasema hata mie sijui, labda mwili umezoea. Nesi alikuwa ameshatueleza kwamba mwili huzoea, nikalitumia neno lake kama kinga. Wiki tatu.

Jumamosi ya nne kijumbe aliandika namba yangu, akalifunga daftari, akakaa nalo mapajani. Hakunikaripia. "Kwenye upatu," alisema, "mtu akikwama anasema mapema. Tunambadilishia zamu, mambo yanakwenda. Anayeuua upatu ni yule anayesema naleta kesho."

Nililia pale pale, juu ya mizani. Kisha nikamwambia habari za stoo ya vitabu, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Tangu siku hiyo tukapata neno. Mtu akila wanga tunasema amekopa. Amekopa mandazi, amekopa vijiko viwili vya pilau. Sharti ni moja, useme kabla ya Magharibi ya siku ile ile, kwa kijumbe au kwa yeyote katika sisi. Hakuna faini. Unasema, inaandikwa, mlo unaofuata unarudi ulipokuwa. Siwezi kueleza sawasawa kwa nini hili lilifanya kazi kwangu kuliko kuapa. Nadhani zamani mandazi moja lilikuwa linaniharibia wiki: nimeshavunja, basi nile tu, nitaanza Jumamosi. Sasa mandazi moja ni mandazi moja. Na pia, nakiri, kuna mandazi mengi niliyoyaacha kwa uvivu tu wa kupiga simu.

Tulimpoteza mtu. Mmoja wetu, mwenye ulimi, alimwambia mwenzake ukumbini mbele ya wote, "Weye hupungui, unakula usiku." Kwa mzaha, anavyodai mpaka leo. Yule mwenzetu alikaa akamaliza chakula chake, akakunja kanga yake vizuri, akaaga. Jumamosi iliyofuata alituma pesa ya upatu kwa mtoto. Baada ya zamu yake kufika akajitoa kabisa. Hapo nikaelewa kwa nini kijumbe alizificha kilo zetu chumbani. Tulikwenda kumwomba radhi, tukapokewa kwa chai na maneno matamu, hakurudi. Nikikutana naye Darajani tunaulizana watoto.

Mie ni mtu wa kusoma, na katika kusoma niliangukia mambo mawili. La kwanza ni la mzee mmoja wa London, William Banting, aliyekuwa akishughulikia mazishi ya wakubwa. Alinenepa hata hawezi kuinama kufunga viatu, na ngazi alikuwa akizishuka kinyumenyume. Tabibu wake akamwachisha mkate, sukari, bia na viazi, akapungua takriban kilo 21, na mwaka 1863 akatoa kijitabu kuwaeleza watu. Nilipofika kwenye ngazi nikacheka peke yangu, mkaazi wa ghorofa ya tatu. Kumbe jambo hili tunalolisimulia kama la jana lina zaidi ya miaka 160.

La pili lilinisumbua kidogo. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford, Marekani, walitoa matokeo ya watu 609 waliogawiwa makundi mawili kwa mwaka mzima: hawa wapunguze wanga, wale wapunguze mafuta. Waliopunguza wanga walipungua kilo 6 kwa wastani, waliopunguza mafuta kilo 5.3, tofauti isiyokuwa na uzito kitaalamu. Niliposoma niliudhika, maana nilikuwa nimekwishawahubiria watu wengi. Kisha nikaona kitu. Makundi yote mawili yalikuwa yakikutana, watu wachache wachache pamoja na mwalimu wao, vikao 22 katika mwaka ule. Utafiti wenyewe haukupima vikao, kwa hiyo sisemi kwamba ndivyo vilivyowapunguza. Nasema tu kwamba nilipokifikia kifungu hicho niliona daftari la jalada jeusi. Sukari yangu nadhani imependezwa zaidi na kuachana na wanga. Mwenzangu mwenye kupunguza mafuta akae na yake.

Ramadhani ya kwanza tuliiogopa. Mchana si shida, mchana wote tumo sawa. Ni ile saa adhana inaposomwa, na mezani kuna kaimati, tambi, ndizi mbivu za nazi, shelisheli, mkate wa kumimina. Tulikaa kikao maalumu mwishoni mwa Shaabani. Tukakubaliana tende tatu, tusizikose sunna, kisha supu, samaki, mboga. Hilo lilikuwa jepesi. Gumu lilikuwa sahani. Jirani zangu wa ghorofa ile hunipelekea futari tangu nilipoolewa, nami huwapelekea. Sahani ya kaimati zinazong'aa shira ikigonga mlango wako dakika kumi kabla ya Magharibi, utasema nini?

Kijumbe akatoa hukumu: pokea, shukuru, onja moja, ipitishe. Siku ya tatu nikampitishia mwenzangu wa Kikwajuni, aliyekuwa na wageni. Wageni wake hawakufika, naye akampitishia nesi. Nesi hakujua imetoka wapi, akampelekea shemegi yake, ambaye ni jirani wa yule jirani yangu. Baada ya tarawehe jirani akanigongea mlango, sahani mkononi, kaimati zikiwa pungufu nne. "Kaimati zangu zimenirudia," alisema. Nilitamani sakafu inimeze. Ikabidi nimweleze kila kitu, tangu 6.8 mpaka stoo ya vitabu. Akakaa chini. Akaniuliza kama upatu wetu una nafasi.

Sasa ni miezi kumi na sita. Nilishuka hadi kilo 81, mfungo wa mwaka huu ukanirudishia mbili, niko 83. Kipimo cha asubuhi kinasoma 5.7 au jirani yake. Ngazi nazipanda bila ya kutafuta ufunguo. Nyumbani bado napika wali, mume wangu na watoto hawajaambiwa lolote na tabibu yeyote, na sina haki ya kuwaachisha. Napakua nageuza uso. Harusini siku hizi tunakaa sinia moja sisi wenyewe, wanne au watano wa upatu, tunakula nyama na kachumbari, kisha wali tunawasogezea wa sinia la pili, wanatushukuru kwa ukarimu.

Ila juzi nilipika wali wa nazi, moto ukazidi kidogo. Nilipokwisha kupakua, nikausikia ule mwiko unavyokwaruza. Ukoko, umekauka rangi ya dhahabu, umeng'oka kwa kipande kimoja, pembeni umejikunja, unanukia tui lililoungua. Nilikula nimesimama, kipande cha ukubwa wa kiganja, mpaka makombo.

Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Nikapiga simu.

"Bi mkubwa, nimekopa."

"Nini?"

"Ukoko."

Akanyamaza kidogo. "Wa pilau au wa nazi?"

"Wa nazi."

"Aa," alisema, na nikamsikia akifungua daftari. "Haya, umeandikwa. Jumamosi zamu yako, na kusi limekaza, usitegemee samaki. Nunua mayai mapema."